Sunburst wamefufuka, nyimbo za Nachingwea na Ruangwa nani atazifufua?

MWAKA 2016 ulishuhudia mambo mawili katika muziki wa Tanzania ambayo kwa mtazamo wa haraka hayana uhusiano wowote. Februari ya mwaka huo alifariki dunia jijini Dar es Salaam mwanamuziki mkongwe Kassim Mapili, mzaliwa wa Nachingwea mkoani Lindi, aliyepata kuwa Mwenyekiti wa Chama cha Muziki wa Dansi Tanzania (Chamudata). Katika mwaka huohuo, kampuni ya Strut ya London ilitoa mkusanyiko wa kazi zote za Sunburst, bendi ya roki na soul iliyozaliwa Dar es Salaam mwaka 1970. Ndani yake zilikuwamo nyimbo zilizorekodiwa Redio Tanzania mwaka 1973, ambazo hazikuwahi kufika dukani.

Bendi iliyokwisha kusambaratika miaka 40 nyuma ikarejea masikioni mwa walimwengu. Mzee aliyeishi na muziki tangu miaka ya mwisho ya ukoloni akaondoka na kumbukumbu zake. Ukiyaweka mambo haya mawili pamoja, linajitokeza swali ambalo wapenzi wa zilipendwa hawana budi kulijibu: nani anaamua ni sauti ipi ya jana ifufuliwe, na ni ipi iachwe kuozea rafuni?

Sunburst haikuwa bendi ya kawaida. Iliwakusanya vijana wa Kitanzania na wenzao wa nchi jirani, akiwamo Hembi Flory Kongo aliyetoka Kongo, pamoja na waimbaji Kassim Magati na James Mpungo. Waliuita mtindo wao Kitoto. Ulichanganya magita ya roki, mdundo wa soul ya Marekani na mashairi ya Kiswahili yaliyogusia utumwa, ujana na heshima ya mtu mweusi.

Bendi hiyo ilizaliwa katika kipindi kigumu kwa muziki wa aina hiyo. Novemba 1969, mwaka mmoja tu kabla ya kuundwa kwake, serikali ilikuwa imepiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam kwa hoja kwamba unawaharibu vijana. Kupiga magita ya umeme kwa staili ya Kimarekani, huku ukiimba juu ya Afrika kwa Kiswahili, ilikuwa ni namna ya kupita kwenye mlango uliobaki wazi.

Mwaka 1976 Sunburst walirekodi nchini Zambia albamu yao pekee, Ave Africa. Zambia wakati huo ilikuwa na soko la roki lililochangamka, lenye studio na wanunuzi wa santuri. Muda mfupi baadaye bendi ikavunjika na santuri hiyo ikawa kitu adimu kinachowindwa na wakusanyaji wa Ulaya. Kilichoupa uzito mkusanyiko wa mwaka 2016 ni kule kuongezwa kwa kanda ya Redio Tanzania, kwani ndiyo inayoonyesha bendi ilivyosikika nyumbani, kabla ya kuvuka mpaka.

Katika nchi zilizoendelea, kutoa rekodi za majaribio na za jukwaani ni biashara yenye mizizi. Bob Dylan alianza mfululizo wake wa nyimbo adimu mwaka 1991. Beatles wakafuatia na Anthology kuanzia mwaka 1995. Wanunuzi wake ni mashabiki ambao tayari wanazo albamu rasmi na sasa wanataka kusikia wimbo ulipokuwa bado haujakomaa, pale mpigaji alipokosea au mwimbaji alipobadili shairi.

Msukumo mwingine hutoka kwenye sheria. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliongeza ulinzi wa rekodi za muziki kutoka miaka 50 hadi 70, lakini kwa sharti kwamba rekodi iwe imetolewa kwa umma. Ambayo ingebaki kabatini ingepoteza ulinzi huo. Ndiyo maana mwishoni mwa mwaka 2012 kampuni ya Dylan ilitoa nakala chache za nyimbo zake za mwaka 1962, na Desemba 2013 zikatolewa rekodi za Beatles za mwaka 1963 kupitia intaneti. Kampuni hizo zilikuwa zinalinda mali yao isigeuke ya wote.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya wenzetu na sisi. Kwao rekodi ya majaribio ni nyongeza, kipande cha pembeni kinachokuja baada ya kazi rasmi kuuzwa. Kwa Tanzania, sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa miaka ya 1960 hadi 1980 haikuwahi kuwa na kazi rasmi ya kuuzwa. Kilichopo ni kanda ya redio.

Historia yake inafahamika. Kituo cha utangazaji cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1951, kikageuka Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 kikawa Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Katika miaka yote hiyo nchi haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Bendi iliyotaka santuri ilipanda basi kwenda Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya kufungwa mwaka 1977, hata njia hiyo ikawa ngumu.

Kilichobaki kilikuwa studio ya RTD. Bendi ilipeleka mashairi yake yakapitiwa, ikapangiwa siku, ikaingia studio na kupiga wimbo kwa pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila nafasi kubwa ya kurekebisha. Malipo yalikuwa madogo na kanda ikabaki mali ya redio. Kwa vipimo vya kampuni za Ulaya, hiyo ni rekodi ya majaribio. Kwa Watanzania, ndiyo maktaba yenyewe ya taifa.

Ni kwa sababu hiyo makusanyo mengi ya zilipendwa yaliyotoka nje yamechotwa ama kwenye santuri za Nairobi, ama kwenye kanda za RTD. Kazi za Salum Abdallah na Cuban Marimba zilitolewa upya Ujerumani mwaka 2000. Za Vijana Jazz zikatolewa na Sterns ya London mwaka 2011. Mfululizo wa Zanzibara wa Ufaransa, uliosimamiwa na mtafiti Mjerumani Werner Graebner, ukawarejesha Atomic Jazz, Jamhuri Jazz na wengineo. Kila mkusanyiko umekuwa wa manufaa, na bila juhudi hizo vijana wengi wa leo wasingezijua bendi hizo.

Hata hivyo, ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba inazunguka miji ileile: Dar es Salaam, Tanga, Morogoro, Tabora. Kusini imeachwa nje. Mnunuzi wa London au Paris hutafuta kile ambacho jina lake limekwisha kuvuma, na jina huvuma pale palipokuwa na kumbi, magazeti na njia ya kufika Nairobi. Nachingwea na Ruangwa hazikuwa na vitu hivyo vyote, lakini zilikuwa na muziki.

Wilaya hizi mbili zilikuwa moja kabla ya Ruangwa kugawanywa katika miaka ya 1990. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 178,464 katika Nachingwea na 131,080 katika Ruangwa. Wengi ni Wamwera, pamoja na Wayao, Wamakua na Wamakonde. Nje ya kusini wilaya hizi hutajwa kwa korosho na ufuta, na tangu mwaka 2019 kwa timu ya Namungo iliyopanda Ligi Kuu. Mara chache hutajwa kwa sauti.

Ilhali ukanda huu ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa za Tanzania kunaswa na mashine ya sauti. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa bado vibichi, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alipita bara ya Lindi kupitia Masasi na Newala akiwa na fonografu na mitungi ya nta. Alirekodi nyimbo za Wayao, Wamakua, Wamakonde na hata wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa katika msafara wake. Rekodi zake zilihifadhiwa Berlin, katika hifadhi ya sauti ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 1999 katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia. Masasi inapakana na Nachingwea, na nyimbo hazijui mpaka wa wilaya.

Mwaka 1947 ukaja mradi wa karanga wa Waingereza. Nachingwea ikageuka mji wa matrekta, mishahara na watu wa makabila mbalimbali, ikajengewa reli kutoka bandari ya Mtwara. Mradi ukafa mapema miaka ya 1950 na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini watu na vionjo vyao vya burudani walibaki. Kassim Mapili, aliyezaliwa mwaka 1937, alikuwa kijana wa kizazi hicho. Alianza muziki katika bendi za kusini kabla ya kuingia katika bendi za majeshi, ikiwamo ya Polisi, na hatimaye kuwa msemaji wa wanamuziki wa dansi wa nchi nzima.

Kuanzia mwaka 1965, Nachingwea ikawa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Samora Machel aliishi na kufundisha hapo. Wanaozijua kambi za ukombozi wanajua kwamba kuimba kulikuwa sehemu ya mafunzo: asubuhi kwenye gwaride, jioni kwenye mikutano ya siasa, kwa Kireno, Kimakonde na Kiswahili. Redio Tanzania nayo iliwapa FRELIMO muda wa kutangaza kwa watu wao. Uhuru wa Msumbiji ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, wapiganaji walirudi kwao na nyimbo hizo zikavuka Ruvuma pamoja nao.

Kwa hiyo wilaya hizi mbili zina angalau tabaka tatu za sauti: ngoma za wenyeji, dansi la miji midogo na nyimbo za ukombozi. Kila tabaka lina mwenyewe, na kila moja linahitaji uamuzi wake kuhusu nini kitolewe na kwa masharti gani.

Suala la nani ni mmiliki ndilo gumu zaidi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kipimo hicho, tungo za Mapili zinalindwa hadi mwaka 2066, na warithi wake wanastahili kuulizwa na kulipwa kila zinapouzwa. Lakini mtunzi na kanda ni vitu viwili. Shirika la utangazaji likishika kanda na familia ikashika haki ya tungo, hakuna upande unaoweza kwenda sokoni peke yake kwa uhalali kamili.

Matokeo yake ni mkwamo. Shirika linaogopa kutoa kwa sababu wenye haki hawajulikani walipo. Familia hazidai kwa sababu hazijui kanda ipo. Katikati yao, nakala za wizi zinauzwa na kupakiwa kwenye intaneti bila mtu kulipwa hata senti moja. Kwa ngoma za kijijini hali ni mbaya zaidi, maana mtunzi wake ni ukoo au kijiji kizima, na lebo ya kanda mara nyingi husema tu ngoma ya mahali fulani.

Juhudi za kuukwamua mkwamo huo zimewahi kufanyika. Mradi wa Tanzania Heritage Project, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2010, ulikusanya michango ya umma ili kuhamisha kanda za RTD kwenda mfumo wa kompyuta, ukikadiria kwamba hifadhi hiyo ina zaidi ya saa 100,000 za sauti. Filamu ya Wahenga ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Amil Shivji na Rebecca Corey, ilitokana na moyo huohuo. Ukubwa wa kazi, hata hivyo, unazidi uwezo wa kikundi cha wapenzi wa muziki. Saa 100,000 zikisikilizwa mfululizo usiku na mchana zingechukua zaidi ya miaka 11.

Muda nao hausubiri. Utepe wa kanda huota ukungu na kubanduka, na mashine za kuuchezea zinatoweka pamoja na mafundi wake. Mradi wa tahadhari ulioendeshwa kupitia UNESCO kuanzia mwaka 2019 ulionya kwamba ifikapo mwaka 2025 au karibu na hapo, uwezo wa kuchezesha kanda hizo ungekuwa umetoweka kwa sehemu kubwa duniani. Mwaka huo umefika. Kila kanda ambayo haijahamishwa sasa inahesabiwa kwa bahati, siyo kwa mpango.

Mifano ya wengine inaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Nchini Guinea, mtafiti Graeme Counsel kwa ufadhili wa Maktaba ya Uingereza alihamisha hifadhi ya redio ya taifa, zaidi ya nyimbo 9,400, na zikawekwa kwenye intaneti zisikilizwe bure. Guinea si nchi tajiri. Kilichoisaidia ni uamuzi wa serikali wa kufungua mlango wa hifadhi na orodha iliyotaja kila bendi kwa jina.

Kenya nayo inatoa funzo la aina nyingine. Katikati ya miaka ya 2010, rekodi ambazo Hugh Tracey alizifanya miongoni mwa Wakipsigis mwaka 1950 zilirudishwa vijijini na wahifadhi wa maktaba yake ya Afrika Kusini wakishirikiana na wanamuziki wa Kenya. Wazee walisikia sauti za vijana wenzao, na za kwao wenyewe. Kazi hiyo haikulenga kuuza santuri. Ililenga kurudisha kitu kwa mwenyewe kabla hajafa.

Wapo wanaoona kwamba kuwalaumu wazungu wanaotoa nyimbo zetu ni kukosa shukrani. Hoja yao ina uzito. Kanda ya Sunburst ya mwaka 1973 ilikuwapo kwa miongo minne na hakuna mfanyabiashara wa nyumbani aliyeona faida ndani yake. Strut waliitoa, wakaeleza historia ya bendi na kuwataja waliopiga. Anayefufua anastahili pongezi, lakini pongezi hiyo haibadili ukweli kwamba uchaguzi wa nini kifufuliwe umefanywa na soko la mbali, na soko hilo halitafika Ruangwa kuulizia ngoma ya Kimwera.

Sambamba na hilo, ni vema kukumbuka kwamba si kila kilichonaswa kinafaa kutolewa. Kusini ni nchi ya jando na unyago. Zipo nyimbo zinazofundishwa wari faraghani, ambazo mwanamume hapaswi kuzisikia wala mtoto kuziimba. Weule mwenyewe alihudhuria na kupiga picha sherehe za unyago mwaka 1906, na ni vigumu kuamini kwamba walioimba mbele ya mgeni aliyekuja na ulinzi wa serikali ya kikoloni, mwaka mmoja baada ya Majimaji kuanza, walikuwa na hiari kamili. Kuziweka sauti za namna hiyo kwenye intaneti kwa jina la urithi ni kurudia kosa lilelile kwa chombo kipya.

Kinyume chake, nyimbo za dansi zilitungwa ili zisikike, na nyimbo za ukombozi zilitungwa ili zitie watu moyo. Hizo hazina sababu ya kufichwa. Tanzania ndiyo mwenyeji wa mpango wa bara zima wa kuhifadhi urithi wa ukombozi wa Afrika, na Nachingwea ni moja ya vituo vyake vya heshima. Kuhifadhi majengo ya kambi na kusahau kilichoimbwa ndani yake ni kuhifadhi ganda bila kiini.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), mrithi wa RTD, linaweza kuchapisha orodha ya kanda kwa mkoa na wilaya, ili mtu wa Nachingwea ajue kama sauti ya babu yake imo. Orodha hiyo ingewawezesha pia warithi kujitokeza, na Ofisi ya Hakimiliki (Cosota) kuwasajili. Bila orodha, mazungumzo yote kuhusu mgawo wa mapato yatabaki hewani.

Hatua ya pili ni ya halmashauri za Nachingwea na Ruangwa. Wapo bado wazee waliocheza dansi mjini Nachingwea miaka ya 1960, na wanaokumbuka nyimbo walizozisikia kutoka kambini. Maofisa utamaduni wakitumwa na kinasa sauti na daftari, wakaandika nani aliimba, wapi na mwaka gani, watakuwa wamefanya kazi ambayo kampuni ya nje haiwezi kuifanya hata ikilipwa. Kumbukumbu ya mzee haina nakala ya akiba.

Hatua ya tatu ni ya mikataba. Kila kampuni inayopewa kanda ya taifa ingepaswa kufungwa na masharti matatu: kuwataja wapigaji wote, kuweka fungu la warithi mahali panapojulikana, na kurudisha nakala safi nyumbani ipatikane katika redio na maktaba za mahali muziki ulipotoka. Masharti hayo hayamfukuzi mwekezaji makini. Yanamwondoa tu yule aliyekuja kuokota.

Kassim Mapili alitumia miaka mingi akidai kwamba mwanamuziki wa dansi atambuliwe na alipwe. Sunburst wamepata bahati kwamba kanda yao ilipona na mtu akaitafuta. Kwa wengi wa Nachingwea na Ruangwa, bahati ya namna hiyo haipo njiani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la sauti za kusini bado halijafunguliwa.